Ua Lisiloingia Kikubani

Anayesoma ushairi wa Kiswahili wa mapenzi hana budi kuyazoea maua yake: asumini, waridi, kilua, langilangi, mkadi. Yamkini hakuna mwanafunzi wa fasihi aliyepita darasa la ushairi pasipo kuulizwa asumini inaashiria nini, au miiba ya waridi inamhusu nani. Nami nimeyachambua maua hayo tangu shahada ya kwanza. Sasa ninapoandaa tasnifu ya uzamili kuhusu taswira za mimea katika ushairi wetu, yamenizulia swali ambalo sikulitarajia. Mbona karibu yote ni maua ya uani? Ya mwituni yako wapi?

Jibu, kwa maoni yangu, liko puani. Kikuba cha mwanamke wa Pwani hufungwa kwa vitu vinukiavyo: asumini, rihani, kilua, mkadi. Ua huingia katika shairi baada ya kupita kwenye nywele, kifuani au kitandani mwa mpenzi. Asumini na langilangi asili yake ni Asia, nalo waridi lililetwa likapandwa, lakini yote yamepewa uraia kwa ajili ya manukato yake. Kilua, kwa upande wake, ni mwenyeji wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. (Inafaa tujivunie kidogo hapa: mwaka 1970 mwanabotania Bernard Verdcourt aliupa mti huo jina la kisayansi Mkilua fragrans, Kiswahili kikaikopesha sayansi neno, japo tumezoea kuwa wakopaji.) Hata hivyo, nako kilua kimeingia katika ushairi kwa sababu kinanukia.

Ua ninalotaka kulitetea halinuki. Wanasayansi huliita Scadoxus multiflorus, na Waingereza wamelipa jina lenye maana ya yungiyungi la mpira wa moto. Huota porini kuanzia Senegal hadi Somalia, na kuteremka mpaka Afrika Kusini. Hata Yemen lipo. Wakati wa kiangazi huwezi kujua kama lipo, kwa kuwa uhai wake wote umo katika kitunguu kilichofukiwa chini ya majani makavu. Mvua za kwanza zinyeshapo, kikonyo kimoja kinene hutokeza udongoni, aghalabu kabla ya majani, na kileleni mwake hufumuka vijiua vyembamba vyekundu, pengine vikafika mia mbili, vikashikamana na kuwa tufe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Baada ya wiki moja au mbili tufe hilo limekwisha kunyauka. Hapo ndipo majani hutawala, na baadaye hufuata matunda mekundu ambayo mbegu zake hazistahimili kukauka. Sharti ziote upesi au zife. Ndiyo maana ua hili hukaa penye kivuli na unyevu: chini ya miti, kandokando ya vijito, baina ya majabali, na juu ya vichuguu vilivyofunikwa na vichaka. Fauka ya hayo, kitunguu chake kina sumu iitwayo likorini. Ua lisilonukia, tena lenye sumu, nani atalifunga kikubani?

Kuhusu jina, pana kisa kirefu. Mwaka 1795 ua hili liliingia katika maandishi ya kisayansi kwa jina la Haemanthus multiflorus, na neno la kwanza linatokana na Kigiriki, maana yake ua la damu. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Friis na Nordal, waligawanya kundi hilo, na ua letu likahamishiwa kundi la Scadoxus. Sisi wa Kiswahili hatujagombana hata mara moja kuhusu jina lake. Nimewaonyesha wanafunzi wenzangu picha yake, na wengi wamenijibu kuwa ni yungiyungi, ilhali yungiyungi tunalolifahamu limekaa majini. Mimi nimechagua kuliita nyinyoro. Bila shaka wapo wasomaji waliokutana na neno hilo katika Biblia tu: wafasiri wa Union Version ya 1952 walilitumia katika Wimbo Ulio Bora, ingawa katika Injili ya Mathayo walitosheka na maua ya mashamba. Wataalamu hawajaafikiana ua la Kiebrania linalotajwa katika Wimbo huo ni lipi hasa. Kinachonivutia ni kwamba wafasiri walikuwa na waridi na asumini mkononi, maua ambayo msikilizaji angeyanusa papo hapo, nao wakachagua neno la mmea wa kitunguu. Washairi hawakuwafuata.

Nilipoitaja nyinyoro katika semina, mhadhiri mmoja aliniuliza kwa upole kama hilo si neno la kizamani.

"Huenda, Mwalimu," nikasema, "lakini ua lenyewe limechanua wiki hii Karura."

Wenzangu walicheka, na wawili kati yao wakanifuata Jumamosi kwenda kujionea. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ulikuwa karibu kumegwa viwanja katika miaka ya 1998 na 1999. Januari 1999 Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani alipokwenda na wenzake kupanda miti huko. Tunapomsifu tunataja miti, na ni haki yake. Lakini mtu akipita huko baada ya mvua za Aprili, akainamisha macho, ataona kilichookolewa chini ya miti hiyo bila kutajwa na yeyote. Nyinyoro haihamii kwingine msitu wake unapofyekwa. Kitunguu chaweza kuvumilia jua kwa muda, lakini jembe hakiliwezi.

Hilo nalijua kwa sababu ya nyumbani. Katika kilima chetu cha Machakos, mahali pengi palipokuwa na vichaka pamegeuka shamba, na mengine yameliwa na tanuri za makaa. Kilichobakia kwa miaka mingi kilikuwa kichuguu kimoja katikati ya mahindi ya nyanya yangu, chenye miti mitatu minne na kivuli kizito. Nyanya alilima kukizunguka, wala hakupandisha jembe juu yake. Hakuwahi kunieleza sababu, nami sitaki kumzulia falsafa. Pengine aliuhurumia mgongo wake. Maua yalipotokeza, alitufahamisha kuwa muda wa kupanda umewadia, na kila mwaka aliturudia onyo lake: "Mjukuu wangu, tazama kwa macho. Kitunguu hicho si cha chungu."

Nyanya alifariki mwaka 2021, na shamba likagawanywa. Udongo wa kichuguu, kama ajuavyo kila fundi, ni mzuri kwa matofali, na amu yangu alikuwa na haja ya nyumba. Simlaumu. Watoto wake walikuwa wakilala jikoni, nami sina shairi litakaloezeka paa. Niliporudi likizoni nilikuta shimo, tanuri linafuka moshi, na vitunguu vimekatwakatwa miongoni mwa mizizi. Nilivichakura nikapata vitatu vizima. Amu alisimama akinitazama, kisha akachukua jembe na kunisaidia kutafuta kingine, hatukukipata.

Nilivipanda nyuma ya nyumba ya mama, chini ya mwembe, mahali pasipofagiliwa. Mvua ya kwanza havikutoa kitu. Mvua ya pili viwili vilitoa majani, mapana, yenye madoadoa ya zambarau karibu na udongo. Ua bado. Wanabotania wa leo wameuweka mmea huu katika ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu saumu, jambo ambalo nilifanya kosa dogo la kumsimulia mama kwa furaha ya kisomi. Tangu siku hiyo, kila nipigapo simu kuuliza hali ya mwembe na mbuzi, yeye nami huniuliza kama vitunguu vyangu vitalika lini.

"Haviliki, Mama," namjibu.

"Basi vinanukia?"

"Havinukii."

Hunyamaza kidogo, kisha huniambia kwamba jana jioni amevimwagia maji.