Uso wa Hamali Saa Sita

Mafundi wa picha huwaonya wanafunzi wao kwamba jua likifika utosini, kamera irudi mkobani. Onyo hilo lina sababu. Dar es Salaam iko takriban nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu kabisa ya mji, na mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Nuru hushuka wima. Paji la uso na pua hung'aa, macho huzama gizani. Kamera nayo haina uvumilivu wa jicho: ikipimiwa ukuta mweupe, uso mweusi hupotea, ikipimiwa uso, ukuta huungua kwa weupe. Filamu za rangi za zamani, ambazo Kodak ilizisawazisha kwa picha za wanawake wa Kizungu, zilizidisha hasara hiyo.

Lakini Kariakoo haingoji jioni. Saa sita mchana Mtaa wa Kongo hufurika, na hamali hupita na gunia kichwani, uso wake umo ndani ya kivuli cha mzigo. Mpigapicha anayetii onyo la mafundi hurudi na picha za alfajiri na za magharibi, nzuri, zenye rangi ya dhahabu, zisizo na hamali.

Msomaji na akumbuke asili ya jina la mahali hapo. Kariakoo ni Carrier Corps katika ulimi wa Kiswahili, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa katikati ya mji mwaka 1927, ni ya mwanajeshi mwenye bunduki. Mpagazi aliachiwa jina la mtaa, uso hakupewa.

Dawa ya jua hilo haina gharama kubwa. Soko alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege, na hata baraza ya duka dogo yatosha. Mpigapicha asimame ukingoni, kivuli kinapokutana na jua. Mwanga uliopiga ardhi, au ukuta wa chokaa ulio mkabala, hurudi kwa upole na kuingia chini ya kope. Pasipo ukuta, kipande cha bafta nyeupe hufaa.

Kisha asubiri. Hamali atatua mzigo, atafuta jasho, atainua uso. Hapo ndipo aombwe ruhusa, kwani mwenye gunia kichwani hana hata mkono wa kukatazia.