Mtafiti Naye Apige Hodi

Leo sina mshono mpya wala mchanganyiko wa singo. Leo tuzungumze kuhusu watu wanaokuja kutuuliza maswali, yaani watafiti wa vyuo vikuu.

Najua kuna shoga yangu atasema, mambo ya chuo kikuu yanatuhusu nini sisi maharusi? Yanatuhusu, tena sana, kwa sababu wanachokuja kukiuliza ni sisi wenyewe. Uliolewa na miaka mingapi? Mahari ilikuwa kiasi gani na nani aliishika? Mume anakuruhusu kufanya biashara? Somo alikufundisha nini ndani?

Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Mbagala. Nimemaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, chuo kikuu sijasoma. Lakini kazi hii imenifundisha kwamba mwanamke akivua baibui apimwe nguo, na ya moyoni nayo hutoka. Namjua bi harusi anayeolewa huku analia, na yule anayeficha deni la kikoba. Watafiti wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda kuanzia kwa mafundi, wasusi, wapambaji na makungwi.

Wamekuja kwangu wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa binti mwanafunzi. Alitoa salamu, akakaa, akanipa barua, akanieleza anatafiti nini na kwa nini. Akasema, "Dada, ukichoka niambie tuache, na swali usilolitaka liruke." Tulizungumza karibu saa nzima. Wa pili alikuja na mjumbe, simu iko mkononi inarekodi kabla hata sijajibu salamu. Swali lake la tatu lilikuwa, je, nina wateja walioniomba nipanue gauni kiunoni kabla ya ndoa? Nilimwambia nina oda za Ijumaa, karibu siku nyingine. Mjumbe akanuna, akasema mbona yeye ameshamruhusu.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Mjumbe karuhusu mtaa wake, kanitolea mimi ruhusa gani?

Dini yetu ilishatufundisha adabu hii. Suratun Nur, aya ya 27 na 28, inatuelekeza tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, tunarudi. Basi kama mlango wa mbao unapigiwa hodi, je, moyo wa mtu?

Vyuo vikuu navyo vina hodi yao. Kabla mtafiti hajatoka kwenda mitaani, andiko lake hupitiwa na kamati ya maadili ya utafiti. Kamati inasoma maswali yenyewe. Inataka kujua nani ataulizwa, anaweza kuumia vipi, sauti yake itatunzwa wapi, jina lake litafichwaje, na akikataa, je, atapoteza chochote. Ikiona maswali yanaumiza bila sababu, inamrudisha akayarekebishe.

Hapa nchini kuna ngazi zake. Iko Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ofisi zake ziko Kijitonyama pale Sayansi. Mgeni kutoka nje anayetaka kufanya utafiti Bara anatakiwa apate kibali chake. Utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwanafunzi wa hapa kwetu hubeba barua ya chuo chake, inapita mkoani, wilayani, mpaka serikali ya mtaa. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali.

Mihuri yote hiyo ni mizuri. Lakini barua ya mtaa inamruhusu mtafiti kuingia mtaani tu. Ya kuingia kwako unaitoa wewe mwenyewe, hata mume hawezi kukusemea ndiyo.

Kamati hizi hazikuja bure. Kule Marekani, Tuskegee, jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa. Huo ulikuwa utafiti wa afya. Wa jamii nao una yake. Miaka ya 1960 mtafiti mmoja huko huko, Laud Humphreys, aliwachunguza wanaume waliokuwa wakikutana kwa siri katika bustani za umma. Aliandika namba za magari yao, akapata anuani zao, na baada ya mwaka hivi akaenda majumbani mwao akijifanya anafanya uchunguzi mwingine wa afya. Wengi walikuwa na wake. Fikiria karatasi ile moja ingeanguka mikononi mwa jirani. Mtu anaweza kuwa na dhambi zake na Mola wake, lakini hiyo haimpi mwingine haki ya kumwingilia nyumbani kwa uongo. Mwaka 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont, ikaweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea wema bila kumdhuru, na haki.

Sasa turudi kwetu Temeke, maana kuna mambo ambayo kamati ikiwa imekaa mezani haiwezi kuyaona yote.

La kwanza ni sahihi. Mtafiti anakuja na fomu ya ridhaa, anasema weka sahihi hapa kuthibitisha umekubali. Kwake ni ulinzi wako. Lakini huku kwetu wanawake wameweka sahihi kwenye mikopo ya kausha damu, kesho yake wakabebewa makochi na friji. Karatasi yenye mistari ya kujaza inatutia homa. Kama unaogopa, sema. Kamati inaweza kuruhusu ridhaa ya mdomo, usione haya kuiulizia.

La pili ni majadiliano ya kikundi. Mteja wangu mmoja, anaolewa ndoa ya pili, aliitwa kwenye kikundi cha wanawake kumi kuzungumzia talaka. Akaeleza yote, namna mume wa kwanza alivyomwacha na alichomwambia. Mtafiti aliificha sauti vizuri na jina hakuliandika. Ila wale tisa walikuwa na masikio. Wiki mbili kabla ya nikahi, shangazi wa bwana harusi anauliza mambo yale yale, neno kwa neno. Bi harusi alikuja fremu kwangu akitaka gauni liuzwe. Alhamdulillah, bwana alisimama naye, ndoa ikafungwa. Lakini ingeweza kuvunjika. Mtafiti anaweza kuahidi kinywa chake, cha jirani yako hawezi. Aliye mkweli atakwambia hivyo kabla hujafungua mdomo. Kwenye kikundi toa maoni yako, habari zako ziache nyumbani.

La tatu, siri zenye wenyewe wengi. Fomu inamuuliza mtu mmoja: unakubali? Lakini ya unyago ni ya nani? Somo anaijua, mwali anaijua, na mama na shangazi wanajua kuna mlango umefungwa pale. Maoni yangu, somo anaweza kueleza kwa jumla mafunzo ya usafi, heshima na kuishi na watu. Ya mwali fulani ni amana, na ya chumbani kati ya mke na mume tumekatazwa kuyatangaza. Hata jina likifichwa, ukisema "bi harusi wa Ijumaa iliyopita aliyevaa shela ya dhahabu", Mbagala nzima imeshamjua.

Sisemi tufunge milango. Mwaka 1997 Aili Mari Tripp alitoa kitabu kilichotokana na utafiti wake hapa Dar es Salaam, maeneo kama Manzese na Buguruni, kuonyesha jinsi miradi midogo ya akina mama ilivyobeba familia wakati mishahara haitoshi. Na wanawake watatu wa Mombasa waliwasimulia Sarah Mirza na Margaret Strobel maisha yao, kitabu kikatoka kwa Kiingereza 1989, kisha kwa Kiswahili 1991. Hilo nalipenda. Maneno yalirudi kwa lugha ya walioyasema.

Basi ukifikiwa, uliza haya kwa upole:

1. Unatoka chuo gani, na barua ya kibali iko wapi? Piga picha ile barua, mara nyingi ina namba ya simu.
2. Nikikataa au nikiacha katikati, kuna ubaya?
3. Sauti yangu ataisikia nani, na itafutwa lini?
4. Utanificha vipi zaidi ya kubadilisha jina?
5. Matokeo nitayaona wapi, na kwa lugha gani?

Wakikupa nauli au chochote, pokea kama asante. Usiuze siri ya mtu kwa elfu kumi. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo taarifa zako zina ulinzi wa nchi pia.

Na wewe binti uliyeko chuo unayesoma hapa, siku ukitumwa mitaani na dodoso lako, anza na salamu. Jibu likiwa hapana, shukuru urudi, wala usirudi na mjumbe.

Allah atusitiri sisi na wenzetu, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.