Shangazi kaniandika!

Jamani, mwenzenu nimeumbuliwa, tena na kaunta buku la shangazi yangu mwenyewe.

Shangazi ana genge Manzese. Shule aliishia darasa la pili, akabakizwa nyumbani kulea wadogo zake. Mimi niliyefika kidato cha nne (msiniulize nilipata nini!) ndiye nilikuwa nikimwandikia madeni ya wateja. Akijaribu mwenyewe, akaandika "mucicha", nacheka mpaka machozi. Yeye anatabasamu tu, ananirudishia kalamu.

Siku moja katika kupiga soga nikamsimulia habari za Carolina Maria de Jesus, mama wa watoto watatu aliyeishi kwenye vibanda vya Canindé, São Paulo, kule Brazil. Kazi yake ilikuwa kuokota makaratasi na vyuma chakavu auze, wanawe wale. Shule alisoma miaka miwili tu. Lakini usiku, kwenye madaftari aliyoyaokota jalalani, aliandika yote: njaa, bei ya vyakula, ugomvi wa majirani. Jirani akimletea za kuleta, anamtishia kumtia kitabuni! Mwaka 1958 mwandishi wa habari Audálio Dantas akayaona yale madaftari. Kitabu kilipotoka mwaka 1960, nakala 10,000 ziliisha wiki ya kwanza, na makosa yake mengi ya herufi yaliachwa vilevile. Umaarufu haukudumu, nisiwadanganye. Alifariki mwaka 1977, umaskini umeshamrudia.

"Miaka miwili? Kama mimi," shangazi akasema, akaendelea kupanga nyanya.

Kesho yake akanunua kaunta buku la pili. Kila usiku akishafunga genge namwona ameinama, tochi ya simu inammulika, anaandika herufi moja moja kama anayetoa mawe kwenye mchele. Sikuuliza.

Juzi kaniita. "Mwanangu, hebu soma hapa, panaeleweka?"

Nikasoma: "Leo mtoto wa kaka kanicheka tena mbere ya watu. Sijasema kitu. Mimi shule nilitaka sana."

Koo likanikauka.

"Panaeleweka, shangazi."

"Makosa je?"

"Hamna."

"Muongo wewe. Umesoma mpaka mwisho?"

"Nimesoma."

"Basi."

Akalichukua, akalirudisha chini ya mizani. Daftari la madeni nalo siku hizi anaandika mwenyewe. Jana nimekopa vitunguu, nikachungulia: jina langu limo, tena kwa herufi kubwa.