Siku Tuliyojitambulisha Darasani



Siku ya kwanza ya kozi ya midia ya dijitali, Kuala Lumpur, mwalimu alitaka kila mmoja ajitambulishe: jina, nchi, kazi. Wenzetu walitaja digrii zao. Sisi, mtu na mdogo wake, tuna kidato cha nne na cheti cha ushonaji. Tukasema, "Tunatoka Zanzibar, tunafanya biashara," tukakaa haraka. Cherehani hatukuitaja.

Dahalia tulirudi hatusemeshani. Cherehani ile ndiyo iliyolipa ada na tiketi! Shela ngapi za maharusi, mikesha mingapi ya Ramadhani tukikimbizana na Idi, leo tunaionea haya mbele za watu?

Wiki ya tatu tukatakiwa kurikodi video ya dakika moja juu ya kazi tunayoijua. Tukajirikodi kwa simu tukidarizi mkono wa baibui. Binti mmoja wa Kimalaysia, mwenyewe kavaa baju kurung yake imemkaa sawasawa, akatuuliza, "Mbona hamkusema?"

Tukamwomba mwalimu ruhusa, tukasimama tena.

"Sisi ni mafundi cherehani wa Unguja."

Yule binti sasa anadai baibui lake kabla hatujaondoka.