Mwanafunzi Aliyekataa Kuitwa Daktari

Karibu kila mwaka sisi wauguzi wa hospitali ya kanisa, huku kijijini, tunapokea wageni vijana kutoka Uingereza na Ujerumani. Ni wanafunzi wa udaktari waliokaribia kumaliza masomo. Vyuo vyao huwaruhusu kukaa majuma kadhaa katika hospitali ya nchi nyingine, ili waone magonjwa na maisha wasiyoyaona kwao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twawapokea kama watoto wetu. Siku ya kwanza tunawafundisha kusema "shikamoo", "pole" na "samahani mama, naomba nikupime". Tunawaonyesha pia boksi la kutupia sindano. Tunawaeleza kwamba anayechomwa na sindano iliyotumika atoe taarifa mara moja, maana dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Kisha huja masomo ya wodini. Wengi wao wamezoea mashine kubwa za kupima. Huku tunawapa saa ya mkononi na kuwaambia, "Mfunue mtoto kifua, akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima." Mtoto mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, tunashuku nimonia. Hata wewe mama waweza kuhesabu hivyo nyumbani na kumwahisha mtoto kituoni. Tunawafundisha pia kutazama weupe wa viganja kwa mtoto aliyepungukiwa damu, na kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kile kifaa chetu cha mbao.

Lakini liko jambo moja linalotutia hofu. Kijana akivaa koti jeupe, na ngozi yake ikiwa nyeupe, watu wote humwita daktari.

Usiku mmoja aliletwa mama mwenye mimba ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, kichwa cha mtoto hakishuki, na mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kupungua. Daktari msaidizi wetu, mtu wa siku nyingi katika kazi hiyo, aliamua apasuliwe. Mama mkwe alipomwona mwanafunzi wa Kiingereza pale zamu, alimshika mkono akamsihi: "Mwanangu, wewe umetoka Ulaya. Mpasue wewe mke wa mwanangu. Huyu tunamjua, ni wa hapahapa."

Tulimtafsiria. Kijana akawa mwekundu usoni, kisha akasema, "Mwambieni mama kwamba mimi bado ninasoma. Sijawahi kumpasua mtu. Mwalimu wangu ni huyu."

Bibi yule alinyamaza. Upasuaji ulifanywa na aliyeuweza. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kushika taa, kisha kumkausha mtoto kwa kitambaa safi. Mtoto akalia, nasi sote tukamshukuru Mungu.

Akina mama, tulitafakari sana maneno ya kijana yule. Ilikuwa rahisi kwake kukubali sifa. Kwao asingeruhusiwa kumpasua mama yeyote, na vyuo vya Uingereza huwaonya wanafunzi wao wasifanye ng'ambo kazi ambayo nyumbani hawajaruhusiwa. Mwili wa mama wa kijijini si daftari la kujifunzia peke yako. Na sisi tusiwaponze vijana hawa kwa kuwadhania wanajua kila kitu, huku tukiwadharau watu wetu waliotuhudumia miaka mingi.

Basi, ukimkuta mwanafunzi hospitalini, awe mgeni au mtoto wetu kutoka chuo cha hapa nchini, kumbuka haya. Muulize kwa upole, "Wewe ni mwanafunzi au daktari?" Si utovu wa adabu. Uliza nani anamsimamia. Ukikubali akupime, umemsaidia kujifunza. Ukikataa, hutanyimwa matibabu. Na asikupige picha, wala mtoto wako, bila ruhusa yako.

Wala tusiache kuwapokea. Wapikieni ugali, wafundisheni lugha, waalikeni kanisani na nyumbani. Huenda kijana aliyejifunza hapa kuhesabu pumzi za mtoto na kusema "sijui, namwita mkubwa wangu" atakuwa daktari mwema popote aendako. Nasi wenye watoto shuleni tuwafundishe mapema neno hilo hilo. Kukiri kwamba bado hujui si aibu. Usiku ule kuliokoa watu wawili.