Mwaridi wa Jangwani Barazani Kilosa

Kutoka Mikumi tuliiacha barabara kuu ya Iringa, tukashika njia ya kaskazini ipitayo Ulaya. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote. Tukafika Kilosa, kando ya Mto Mkondoa, mji uujuao ubaya wa maji yaliyozidi: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli na kuwaacha maelfu bila makazi.

Baada ya sala ya Adhuhuri, shangazi alinikaribisha barazani. Hapo ulisimama mwaridi wa jangwani, shina limevimba kama mtungi, maua mekundu yamechanua. Nilimweleza kuwa wangu ulioza, ilhali niliumwagilia kila siku.

“Umeuua kwa israfu, mwanangu,” alisema. “Shina hilo ndilo ghala lake la maji.”

Wake ameupanda katika chungu chenye tundu chini, kwa udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Huuweka juani, humwagilia udongo ukishakauka kabisa, na masika huuhamishia chini ya upenuni.

Nikaomba kipandikizi. Akanikumbusha kuwa utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa kale waliipaka mishaleni. Yeye mwenyewe hunawa mikono kila akiupogoa.

“Mjukuu wangu ameanza kutambaa. Utauweka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi mikono mitupu, bila kinyongo. Mtoto ni amana, ua litasubiri.