Kupanda Kilima cha Battle

Treni ya kutoka Charing Cross, London, huchukua kama saa moja na nusu kufika Battle, mji mdogo wa Sussex ya Mashariki. Stesheni yake ilifunguliwa mwaka 1852, na mbunifu William Tress aliijenga kwa mtindo wa makanisa ya kale, madirisha yamechongoka juu, utadhani anayekwenda kukata tiketi anakwenda kuungama. Niliitazama kidogo nikaendelea na njia. Nilikuwa nimefuata kilima.

Mimi nakula kwa kufasiri habari. Siku nzima ni nani kashika madaraka, nani kapinduliwa, nani kaapishwa; na maneno ambayo Waingereza huyatumia kwa mambo hayo, kuanzia 'power', 'crown' na 'reign' hadi 'government', 'parliament' na 'conquest', yote yana asili ya Kifaransa. Asili ya jambo hilo iko hapa. Hata jina la mji ni Kifaransa kitupu, maana yake mapigano.

Lango la abasia linasimama mwisho wa barabara kuu, kubwa kama ngome. Ukishalipa kiingilio unateremka kwenye malisho ya kondoo, unazunguka bondeni kwenye unyevunyevu, kisha unapanda. Kutoka chini mteremko hautishi. Uanze kuupanda nyasi zikiwa zimelowa, ndipo magoti yanakufundisha historia: juu huku walijipanga askari wa Harold, mfalme wa Uingereza, kwa miguu, ngao imegusana na ngao, mashoka mikononi, na wapanda farasi wa William, mvamizi kutoka Normandi, walitakiwa waparamie kuwafuata.

Harold alikuwa na taji tangu tarehe 6 Januari 1066, siku moja tu baada ya kifo cha Mfalme Edward. Tarehe 25 Septemba alimshinda mfalme wa Norway huko Stamford Bridge, kaskazini. Siku tatu baadaye William, mtawala wa Normandi, akashuka pwani ya Pevensey, na Harold akalazimika kukimbiza jeshi lililochoka nchi nzima kurudi kusini. Wakakutana hapa tarehe 14 Oktoba. Walipigana tangu kama saa tatu asubuhi mpaka giza likaanza kuingia, muda mrefu mno kwa vita vya zama zile. Katikati ulivuma uvumi kwamba William ameuawa; ikabidi ainue kofia yake ya chuma watu wake wamwone uso. Tukio hilo limetariziwa kwenye kile kitambaa cha Bayeux chenye urefu wa karibu mita 70. Kisha Wanormandi wakajifanya wanakimbia, baadhi ya Waingereza wakashuka kuwafukuza, na ukuta wa ngao ukapata mwanya.

Kwenye kilele, kati ya magofu, kuna bamba la jiwe chini. Hapo ndipo ilipokuwa altare kuu ya kanisa la abasia, na kwa mapokeo ndipo Harold alipoanguka. Masimulizi ya abasia yenyewe yana kisa ninachokipenda: watawa walioletwa kutoka Marmoutier, Ufaransa, walikiona kilima hakina maji, wakaanza kujenga kwingine, bondeni. William aliposikia alikasirika, akaamuru altare iwekwe palepale adui yake alipofia. Mshindi hakutaka mtu akosee mahali.

Mshindi, nasema, lakini jina hilo lilikuja baadaye. Kabla ya hapo aliitwa William Mwanaharamu, kwa kuwa baba yake hakumwoa mama yake. Kilima kimoja kilitosha kumbadilishia jina.

Mzee mmoja anayejitolea kuelekeza wageni aliniona nimekazia macho lile bamba, akaja tukazungumza. Alinikumbusha kwamba 'king' na 'queen' ni maneno ya Kiingereza cha kale, hayakung'oka. 'Earl' naye alisalia, ila mkewe akapewa cheo cha Kifaransa, 'countess'. Hapo tulicheka wote wawili. Akataka kujua sisi tunasemaje. Nikamtajia dola, milki na sultani, ya Kiarabu, na serikali, ya Kiajemi.

"Basi na nyinyi mlipigwa?" akauliza.

Nikamwambia kwetu mengi yaliingia na dini, biashara na barua, ingawa sithubutu kusema mizinga haikuhusika: Seyyid Said wa Oman aliwang'oa Mazrui wa Mombasa mwaka 1837. Mfalme, kama 'king', amebaki wetu.

Nadhani kilichotokea Uingereza kilikuwa kikali zaidi, na dalili zake zilionekana mapema. William alivishwa taji Westminster siku ya Krismasi, mwaka uleule wa 1066. Watu waliulizwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa kama wanamkubali. Wakaitika kwa kelele. Walinzi wa Kinormandi waliokuwa nje hawakuelewa kelele za nini, wakadhani ni ghasia, wakachoma nyumba za jirani. Mwandishi Orderic Vitalis anasema William alijaribu kujifunza Kiingereza ili asikilize mashauri ya raia bila mkalimani, akashindwa. Umri ulishakwenda na shughuli zilikuwa nyingi.

Ilipofika mwaka 1362 ndipo Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa Kifaransa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Hadi leo mfalme wa Uingereza akiridhia muswada, na ridhaa hiyo ikatolewa kwa sherehe ndani ya Bunge, karani huitangaza kwa Kifaransa cha Wanormandi: mfalme anataka hivyo.